Gersau, kijiji cha Uswisi kilichokuwa nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi husikia jina la Gersau kwa sababu moja tu: kwamba kulikuwa na kijiji Uswisi kilichojitawala kama jamhuri kwa karne kadhaa. Wakishasikia hilo, maswali hayakomi. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara. Mahali penye mengi nimekaa kidogo, na mahali penye machache nimepita.

Gersau iko wapi?

Iko katikati ya Uswisi, katika kantoni (yaani jimbo) ya Schwyz, ukingoni mwa ziwa ambalo wenyeji huliita Vierwaldstättersee. Maana ya jina hilo ni ziwa la nchi nne za misituni, yaani Uri, Schwyz, Unterwalden na Luzern. Wageni huliita Ziwa Luzern na kuishia hapo.

Chora akilini bakuli lililokatwa katikati. Ukuta wake ni mlima Rigi na vilele vyake, na upande uliokatwa ni maji. Gersau imekaa ndani ya nusu bakuli hiyo. Uso wa ziwa uko mita 434 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Rigi-Hochflue kinachoinuka nyuma ya kijiji kinakaribia mita 1,700. Mtu akisimama gatini na kutazama juu anaona zaidi ya mita 1,200 za mwinuko zilizobanwa katika kilomita chache. Ardhi ya kulima tambarare ni haba mno. Nyumba zimesongamana pale mito ya mlimani ilipomwaga udongo na kutengeneza kijisehemu cha kukalika, na juu yake ni malisho yaliyoinama, kisha misitu, kisha majabali.

Umbo hili ndilo linaloeleza nusu ya historia. Hadi nusu ya pili ya karne ya 19 hapakuwa na barabara ya magari ya farasi ya kufika Gersau. Mtu alikuja kwa mtumbwi au alivuka mlima kwa miguu. Stima ya kwanza katika ziwa hili ilianza safari mwaka 1837, na kwa Gersau hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko reli.

Ni kweli kuna minazi?

Minazi hapana. Ipo miti ya bustanini ya jamii ya mnazi, ile inayostahimili baridi kiasi, pamoja na mitini na michestinati. Rigi huukinga upepo wa kaskazini, mteremko unatazama kusini, na maji mengi ya ziwa hutunza joto la kiangazi hadi vuli. Ndiyo maana watu wa utalii hupaita Riviera ya ziwa hili, kwa kupafananisha na pwani yenye joto ya Mediterania. Theluji huanguka, lakini gatini mara nyingi haikai sana, ilhali juu malishoni inalala miezi.

Kinachoogopwa ni Föhn, upepo mkavu wenye joto unaoporomoka kutoka kusini mwa Alpi. Ukishuka kwa nguvu, ziwa lililokuwa kama kioo hugeuka bahari ndani ya muda mfupi. Wavuvi na manahodha wa hapa wanajifunza kuusoma kabla haujafika.

Je, Gersau ni kijiji, manispaa au wilaya?

Swali hili ni gumu kwa sababu ya lugha yetu wenyewe. Sisi tukisema manispaa tunafikiria mji mkubwa wenye meya na magari ya taka. Kwa Waswisi, Gemeinde ni ngazi ya chini kabisa ya serikali, hata ikiwa na watu mia mbili. Nchi nzima ina kantoni 26, na ndani yake zimo manispaa zaidi kidogo ya 2,100. Mwaka 1990 zilikuwa zaidi ya 3,000, na zimepungua kwa sababu vijiji vingi vimeamua kuungana.

Gersau ina wakazi wapatao 2,400. Kwa ukubwa huo ni kijiji. Kisheria ni manispaa. Na juu ya hayo ni wilaya nzima, kwa kuwa kantoni ya Schwyz imegawanywa katika wilaya sita na Gersau ni mojawapo, sawa kwa jina na wilaya ya Schwyz yenye makumi ya maelfu ya watu. Einsiedeln na Küssnacht nazo ni wilaya zenye manispaa moja moja, lakini ni kubwa zaidi. Hadhi hii ya wilaya ni masalia ya ile nchi iliyokuwapo.

Kijiji kiliwezaje kuwa nchi?

Hapa inabidi kwenda taratibu, maana watu wengi hudhani palipiganwa vita. Gersau ilijinunua.

Katika Zama za Kati, haki ya kutawala mahali ilikuwa mali. Bwana aliweza kuirithi, kuiweka rehani au kuiuza, pamoja na ushuru wake na mamlaka ya kuhukumu watu wake. Haki za Gersau zilikuwa mikononi mwa Wahabsburg, ukoo wa watawala wa Austria, nao wakaziweka rehani kwa familia ya von Moos, matajiri wa mji wa Luzern. Wakati huohuo majirani waliozunguka ziwa walikuwa wakifungamana dhidi ya Wahabsburg, na mwaka 1359 Gersau ikaingia katika agano na Uri, Schwyz, Unterwalden na Luzern. Inasimuliwa kwamba katika vita vya Sempach dhidi ya Wahabsburg, mwaka 1386, watu wa Gersau waliteka bendera ya ukoo wa Hohenzollern wakarudi nayo nyumbani.

Kisha ukaja mwaka 1390. Watu wa Gersau waliilipa familia ya von Moos pauni 690 za fedha ya wakati ule, wakazinunua haki zote zilizokuwa juu yao. Kwa wafugaji na wavuvi wa mteremkoni, kiasi hicho kilikuwa jasho la miaka. Baada ya malipo hayo hapakuwa na bwana wa kuwadai ushuru wala wa kuwahukumu. Mwaka 1433 Kaisari Sigismund wa Dola Takatifu ya Kirumi alithibitisha uhuru huo kwa hati: Gersau ikawa chini ya dola ya kaisari moja kwa moja, bila mtu wa katikati.

Ili uone uzito wa uamuzi ule, mtazame jirani. Weggis, kijiji kilichoko upande wa magharibi wa ziwa hilohilo, kiliingia katika agano la mwaka 1359 sawa na Gersau. Lakini haki za Weggis zilinunuliwa na mji wa Luzern mwaka 1380, miaka kumi kabla. Mnunuzi alikuwa mwingine, basi. Weggis ikageuka sehemu inayotawaliwa na Luzern, na malalamiko yake ya karne nyingi hayakuibadilisha hali hiyo. Kwangu mimi hakuna kinachoifafanua Gersau vizuri kuliko jambo hili: vijiji viwili, ziwa moja, agano moja, na tofauti ni nani aliwahi kulipa.

Jamhuri hiyo iliendeshwaje?

Wanaume wenye haki ya uraia walikutana mahali pa wazi, wakamchagua kiongozi wao aliyeitwa Landammann pamoja na baraza, wakapitisha sheria. Gersau ilikuwa na mahakama yake, na hata mamlaka ya kutoa hukumu ya kifo, jambo lililohesabiwa enzi zile kuwa alama kuu ya nchi kamili. Kwa hiyo ilikuwa na mti wake wa kunyongea.

Kuhusu mti huo wapo wanaosimulia kwamba vijana wa Luzern walikuja usiku wakatundika sanamu ya majani makavu ili kuwadhihaki wenyeji. Watu wa Gersau hawakuiondoa. Waliivisha rangi za Luzern, buluu na nyeupe, wakaiacha ining'inie hapo mpaka wakubwa wa Luzern wakaomba wenyewe ishushwe. Sijui kama kuna masimulizi yanayopendwa zaidi kijijini.

Nembo ya Gersau, nusu nyekundu na nusu buluu, ni ya nchi ile na bado inatumika.

Kwa nini ilikwisha?

Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Uswisi na mfumo wa zamani ukaporomoka wote. Gersau ikatiwa ndani ya kantoni mpya iliyoitwa Waldstätten, baadaye ikawekwa chini ya Schwyz. Napoleon alipoanguka, watu wa Gersau hawakungoja kuambiwa: mwaka 1814 walitangaza tena jamhuri yao. Lakini Uswisi iliyoundwa upya mwaka 1815 ilihesabu kantoni 22, na Gersau haikuwamo. Mwaka 1817 Bunge la Shirikisho, yaani la muungano wa kantoni zote, liliamua iunganishwe na Schwyz, na mwanzoni mwa mwaka 1818 ikawa hivyo.

Wenyeji hawakuiacha kumbukumbu. Ukifika utakutana na maneno yanayomaanisha "jamhuri huru ya kale" katika lahaja yao, yanayotamkwa kwa fahari ya mtu anayetaja jina la babu yake.

Watu waliishi kwa kazi gani katika bonde dogo namna hii?

Ng'ombe, jibini, samaki, mbao, matunda. Hayo ni ya kutarajiwa. Lisilotarajiwa ni hariri.

Tangu karne ya 18 wafanyabiashara wa Gersau, ukoo wa Camenzind ukiwa mbele, walishughulika na hariri ya aina ya Schappe. Hariri ya daraja la kwanza hutoka kwenye kifukofuko kizima cha kiwavi, uzi mmoja mrefu usiokatika. Lakini vifukofuko vingi hutoboka au huharibika, na nyuzi zake hukatika vipande vifupi. Vipande hivyo husafishwa, huchanwa kwa vitana na kusokotwa kama pamba, na uzi huo ndio Schappe. Malighafi ilitoka Italia, ikavuka Alpi kwa njia ya mlimani ya Gotthard, ikapanda mashua. Gersau iliigawa kwa maelfu ya mikono katika mabonde ya jirani: wanawake, watoto na wazee walichana na kusokota majumbani wakati wa baridi, kisha uzi ukarudi Gersau na kutoka huko kwenda kwenye masoko ya mbali. Katika karne ya 19 kazi ikahamia viwandani, vikiendeshwa kwa nguvu ya mto ushukao kutoka Rigi.

Fedha hizo unaziona hadi leo. Nyumba za wafanyabiashara zilizo kando ya ziwa si nyumba za wafugaji. Kanisa la Mtakatifu Marcellus, lililojengwa kuanzia 1807 hadi 1812, ni kubwa kuliko kijiji kinavyohitaji, na lilijengwa katika miaka ileile ambayo uhuru ulikuwa umeshapotea.

Feckerchilbi ni nini, na kwa nini inatajwa pamoja na Gersau?

Hili ni swali ambalo napenda lisirukwe.

Uswisi ina Wayenishi, watu wenye lugha yao na desturi ya kusafiri: wasuka vikapu, wanoa visu, mafundi wa masufuria, wachuuzi, wapiga muziki. Kwa karne nyingi tawala za kantoni ziliwafukuza kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na kuwapiga, na hata kuwatia alama za moto. Gersau ilikuwa nchi ya peke yake, amri za majirani hazikufika. Kwa siku chache kila mwaka, wakati wa sikukuu ya kanisa, watu wa safari waliruhusiwa kukusanyika hapo wazi, wakacheza, wakafanya biashara, wakaoza watoto wao. Kijiji kidogo kikawa mahali ambapo waliokatazwa kila mahali waliweza kuonana. Mkusanyiko huo ndio Feckerchilbi, nao ulipigwa marufuku mwaka 1832, baada ya Gersau kupoteza uhuru wake.

Yaliyofuata ni machungu. Kati ya 1926 na 1973, kwa mpango uliosaidiwa na serikali, watoto wapatao 600 wa Kiyenishi walinyang'anywa wazazi wao, wakapelekwa kwenye vituo, mashamba na familia za watu baki, kwa nia ya kuufuta mwenendo wa maisha yao. Wengine hawakuwaona tena ndugu zao. Mwaka 1986 Rais wa Shirikisho Alphons Egli aliomba radhi kwa mchango wa serikali. Mwaka 2016, katika Feckerchilbi iliyofanyika Bern, waziri Alain Berset aliwataja Wayenishi na Wasinti, jamii nyingine ya watu wa safari, kwa majina yao kama watu wa Uswisi, jambo walilokuwa wamelidai kwa muda mrefu. Na Februari 2025 serikali ya Shirikisho ilikiri kwamba mateso yale, kwa vipimo vya sheria ya kimataifa ya leo, yalikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Wayenishi walipotaka kuifufua sherehe yao mwanzoni mwa miaka ya 1980, walirudi Gersau. Walikumbuka walikopewa nafasi.

Leo maamuzi yanafanywaje?

Kuna baraza la wilaya, ambalo kwa Gersau ndilo pia baraza la manispaa, na mwenyekiti wake huitwa Bezirksammann. Wengi wa wajumbe wana kazi zao nyingine: mkulima, mwalimu, seremala. Waswisi huuita mfumo huu wa mgambo, kwa maana kwamba raia hutumikia kwa zamu huku akiendelea na shughuli zake. Udhaifu wake unajulikana: katika manispaa ndogo kupata watu wa kugombea kunazidi kuwa kugumu.

Juu ya baraza wapo wananchi wenyewe katika mkutano wao. Hapo bajeti huwekwa mezani na kiwango cha kodi hupigiwa kura. Masuala makubwa, kama ujenzi wa gharama, hujadiliwa mkutanoni kisha huamuliwa kwa sanduku la kura. Mtu hulipa kodi ya Shirikisho, ya kantoni, na ya hapo anapoishi, na ile ya mwisho ameinua mkono yeye mwenyewe kuipitisha. Mabishano kuhusu paa la shule huwa makali, maana kila mmoja anajua fungu lake. Inafaa kuongeza kwamba kantoni ya Schwyz ina sifa ya kodi ndogo, ila utajiri huo umelala zaidi upande wa Ziwa Zürich, katika Wollerau na Freienbach.

Ziada ya hayo, raia wa Gersau hupiga kura za kantoni na za Shirikisho, kwa kawaida hadi mara nne kwa mwaka, wengi kwa posta.

Na wanawake?

Walingoja mno. Haki ya kupiga kura ya Shirikisho walipewa tarehe 7 Februari 1971, na wanaume wa kantoni ya Schwyz walikuwa miongoni mwa waliokataa. Katika mambo ya kantoni waliipata mwaka 1972. Tunapoisifu jamhuri ya kale iliyokusanya watu wake mahali pa wazi, tusisahau ni watu gani waliosimama nje ya duara, ilhali hariri ilipitia vidoleni mwao.

Genossame ni kitu gani?

Ni ushirika wa mali wa koo za zamani. Misitu na malisho mengi ya juu si ya manispaa wala ya mtu binafsi. Ni ya ushirika huu, na uanachama hurithiwa. Ndio unaoamua mti upi ukatwe na ng'ombe wangapi wapande malishoni kiangazi. Ni mzee kuliko serikali ya Shirikisho yenyewe.

Nimeona pasipoti ya Mswisi imeandikwa Gersau lakini mwenyewe amezaliwa Zürich. Kuna kosa?

Hakuna. Pasipoti ya Uswisi haiandiki mahali ulipozaliwa. Inaandika asili, yaani manispaa ambayo ukoo wako una uraia wake. Mtu wa ukoo wa Nigg, Küttel au Camenzind anaweza kuwa raia wa Gersau bila kuwahi kulala huko hata usiku mmoja. Kila Mswisi ni raia wa manispaa kwanza, kwa huo akawa raia wa kantoni, na kwa huo akawa raia wa Uswisi.

Basi mgeni anaweza kuwa raia kupitia kijiji kama hiki?

Anaweza, na lazima apitie ngazi zote tatu. Kwa njia ya kawaida sheria ya Shirikisho inataka awe ameishi nchini miaka 10, awe na kibali cha ukaaji wa kudumu, ajue lugha, na awe amejichanganya na jamii. Kantoni na manispaa huongeza masharti yao, pamoja na muda wa kuishi hapohapo. Zamani baadhi ya manispaa za Uswisi ziliweka majina ya waombaji sandukuni, watu wakapiga kura ya siri ya ndiyo au hapana. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilizuia hilo, kwa hoja kwamba anayekataliwa ana haki ya kuelezwa sababu, na sanduku haliwezi kueleza. Kabla ya uraia, mgeni aishiye Schwyz hapigi kura, hata akilipa kodi miaka ishirini.

Kile kikanisa kilicho barabara ya kwenda Brunnen, mji wa jirani, kina habari gani?

Kinaitwa Kindlimord, jina linalomaanisha mauaji ya mtoto. Hadithi yake ni ya mpiga fidla aliyekuwa akirudi na mwanawe mwenye njaa kutoka kwenye harusi ng'ambo ya ziwa. Mtoto aliomba mkate, akaomba tena, na baba kwa hasira akamuua kwa kumpiga mwambani. Kikanisa kilijengwa hapo. Mahali ni pazuri sana, maji ni ya kijani kibichi, na hadithi inakaa kifuani muda mrefu.

Nifikeje?

Treni ya kwenda Gotthard inasimama Brunnen, na kutoka hapo kuna basi linalofuata ukingo wa ziwa. Kutoka upande wa Luzern basi linakuja kupitia Vitznau, mahali ilipoanzia mwaka 1871 reli ya meno (yenye meno ya kushika mteremko) ya kwanza barani Ulaya, ile ya kupanda Rigi. Katika msimu wa joto kivuko cha magari huvuka kati ya Beckenried na Gersau.

Ukiwa na nafasi, panda meli Luzern. Ni safari isiyofika saa mbili, na utaiona Gersau kama ilivyoonwa kwa karne nyingi na kila aliyekuja kuuza, kuoa, kudai au kukimbilia: mnara wa kanisa kwanza, kisha paa za nyumba, kisha ukuta wa mlima nyuma yake.